Kurudi Mwanza baada ya likizo ng'ambo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ndege kubwa inayovuka bahari ni nadra kumtesa msafiri. Kinachoharibu safari ni kipande cha mwisho, kutoka Dar es Salaam hadi Ziwa: ndege mbili zilizobanana, kilo zinazokubalika huku na kukataliwa kule, saa zilizotajwa vibaya kwenye simu, begi lililobaki njiani. Majibu haya ni ya msafiri anayerudi Mwanza, au anayepita Mwanza kwenda Geita, Mara, Kagera na visiwani.

Nitue wapi kwanza: Dar, Nairobi au Entebbe?

Kama una mabegi mengi au watoto, tua Dar es Salaam kisha panda ndege ya ndani. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi angani, na taratibu zote za kuingia nchini zinaishia Dar.

Nairobi inawafaa zaidi watu wa Tarime, Musoma na Bunda wanaokubali basi. Unavukia Isebania kuingia Sirari, na Mtanzania hahitaji viza ya Kenya. Entebbe humfaa mtu wa Bukoba: unapita Masaka, unavuka Mutukula, na Bukoba haiko mbali na mpaka. Kwa anayeishi Mwanza mjini, Entebbe huonekana karibu kwenye ramani kwa sababu ziwa liko katikati, lakini barabara inalizunguka lote upande wa magharibi. Tiketi ya bei nafuu ya Entebbe ijumlishie nauli za basi, malazi ya usiku mmoja na siku nzima ya safari, ndipo uilinganishe na ya Dar.

Niache muda gani Dar kati ya ndege ya nje na ya Mwanza?

Kwanza angalia kama una tiketi moja au mbili. Tiketi moja ina namba moja ya uhifadhi kuanzia ulikotoka hadi MWZ, ambayo ni alama ya Uwanja wa Ndege wa Mwanza. Hapo ndege ya kwanza ikichelewa, kazi ya kukutafutia nyingine ni ya shirika lililokuuzia. Ukiwa na tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, shirika la pili halitaki maelezo yako: hukufika, umekosa, na mara nyingi nauli imekwenda.

Kwa tiketi mbili acha saa nne. Tatu ni kubahatisha. Kushuka tu kwenye ndege kubwa ni dakika 15 hadi 20. Uhamiaji inaweza kuwa dakika 20, inaweza kuwa saa nzima kama ndege mbili zimetua pamoja. Mkanda wa mizigo ni nusu saa au zaidi, kisha forodha na mashine ya ukaguzi. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: ndege za kimataifa hutumia Jengo la 3, lililofunguliwa 2019, na ndege nyingi za ndani huondokea Jengo la 2. Ni majengo mawili tofauti ndani ya uwanja mmoja, na kwa mabegi mawili makubwa huwezi kutembea ukiyakokota, utahitaji gari. Soma kwenye tiketi jengo la kuondokea, kwa sababu mashirika huhamishwa. Na kaunta ya ndege ya ndani hufungwa dakika 45 hadi 60 kabla ya kuondoka, kwa hiyo ndege ya saa nane mchana kwako ni ya saa saba.

Ukitua usiku wa manane na ndege yako ya Mwanza ni ya asubuhi, lala karibu na uwanja. Kwenda kulala katikati ya jiji ni kujitafutia foleni ya Barabara ya Nyerere alfajiri, ukiwa na usingizi na mizigo.

Tiketi yangu ni moja. Mabegi nitayakuta Mwanza?

Usikisie. Wakati begi linawekwa tagi kule unakoanzia, soma herufi tatu kubwa zilizochapishwa. Zikisomeka DAR, begi linaishia Dar. Zikisomeka MWZ, muulize mhudumu kama bado utatakiwa kulichukua Dar, kwa maana forodha hufanyika pale unapoingia nchini kwanza, na mara nyingi msafiri hutakiwa kulitoa kwenye mkanda, kulipitisha forodha na kulikabidhi upya. Msafiri anayetoka moja kwa moja akiamini "limeshatagiwa hadi Mwanza" hufika nyumbani na begi la mkononi tu.

Nimeruhusiwa mabegi mawili ya kilo 23 kutoka ng'ambo, lakini ndege ya ndani ni begi moja. Nifanyeje?

Hili ndilo linalowagharimu watu wengi fedha, na dawa yake iko kwenye upangaji wa mabegi kabla hujatoka ng'ambo.

Soma kiwango cha kilo cha tiketi ya ndani kwa macho yako. Kwenye ndege ndogo za injini moja zinazofika viwanja vidogo vya Kanda ya Ziwa, kilo 15 ni kiwango cha kawaida, na hapo hata begi laini linapendelewa kuliko sanduku gumu kwa sababu sehemu ya mizigo ni finyu. Tiketi ya ndani ikiwa kwenye uhifadhi mmoja na ile ya kimataifa, kwa kawaida kiwango cha kimataifa ndicho kinachofuata hadi mwisho; hakikisha kimeandikwa kwenye tiketi, uwe nayo mkononi ukifika kaunta.

Kama tiketi ni mbili, funga mabegi kwa makusudi. Begi la kwanza liwe la kwenda nawe kwenye ndege: nguo zako, zawadi za thamani, vitu vya watoto. La pili liwe la vitu vinavyoweza kuchelewa siku mbili bila mtu kulia: viatu, mashuka, vyombo visivyovunjika, vitabu. Ukifika Dar, pima gharama ya kilo za ziada. Ikiwa kubwa, begi la pili litume kwa basi kutoka Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, lipokelewe Nyegezi. Lifunge kufuli, liandike jina na namba ya simu ya mpokeaji pande mbili, piga picha likiwa wazi na likiwa limefungwa, chukua risiti yenye namba ya basi, na umtumie mpokeaji picha ya risiti hiyo siku ileile. Usiweke ndani simu, fedha, wala dawa. Njia hii inadai muda au ndugu wa Dar wa kukusaidia. Kama unaunganisha kwa saa nne, mpange ndugu huyo akupokee Jengo la 3 na aondoke na begi.

Mizani ndogo ya kuning'iniza begi ni kitu cha bei ndogo na huokoa aibu ya kufungua sanduku mbele ya foleni. Pima ukiwa ng'ambo, uache kilo moja ya tofauti, kwa kuwa mizani ya kaunta haikubali ubishi.

Tiketi inasema 01:40. Niwaambie nyumbani saa ngapi?

Tiketi zinahesabu kuanzia usiku wa manane hadi 23:59. Saa yetu inahesabu kuanzia jua linapochomoza na linapozama. Tofauti ni sita: 01:40 ni saa saba na dakika arobaini usiku, 07:25 ni saa moja na dakika ishirini na tano asubuhi, 14:20 ni saa nane na dakika ishirini mchana, 19:00 ni saa moja jioni. Mtu aliyezoea maisha ya ng'ambo kwa wiki tatu anaweza kumwambia mama "natua saa saba" akimaanisha 07:00, naye mama akaondoka nyumbani mchana wakati mtoto ameshakaa uwanjani tangu asubuhi.

Tarehe inaponza zaidi ya saa. Ndege ya tarehe 14 saa 01:40 inakutaka uwe uwanjani jioni ya tarehe 13. Wako wanaofika uwanjani usiku wa tarehe 14 na kukuta ndege imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Na neno "usiku wa Jumamosi" kwa wazee wengi ni usiku unaotangulia mchana wa Jumamosi, kwa vijana wengi ni usiku unaoufuata. Sema "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi", hapo hapana pa kukosea.

Ushauri wetu: watu wa Mwanza wape saa moja tu, ya kutua Mwanza, kwa saa za Kiswahili, na utaje asubuhi, mchana au jioni. Saa za kuondoka Doha au Istanbul hazimsaidii atakayekuja kukupokea, zinamchanganya. Watumie pia namba ya ndege ya ndani, kwa sababu ikichelewa ndiyo watakayoiulizia.

Pawabenki niweke wapi?

Begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa kupakia. Betri za lithiamu zikipata moto chini ya ndege hakuna mtu wa kuziona mapema. Kipimo ni wati-saa: zidisha mAh (uwezo wa betri ulioandikwa juu yake) kwa volti, gawanya kwa 1,000. Pawabenki ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ni wati-saa 74, inaruhusiwa. Hadi 100 haina shida, kati ya 100 na 160 omba ridhaa ya shirika, zaidi ya hapo iache. Isiyo na maandishi yanayosomeka hunyang'anywa ukaguzini hata ikiwa ndogo. Baadhi ya mashirika sasa yanakataza kuitumia au kuichaji ndani ya ndege, kwa hiyo chaji simu kabla ya kupanda.

Kwenye ndege za pangaboi kutoka Dar, makabati ya juu ni madogo, na mara nyingi begi la mkononi huchukuliwa mlangoni likawekwe chini. Kabla hujaliachia, toa pawabenki, kompyuta, dawa na hati zako.

Manukato na mafuta niliyonunua duka la uwanjani yatapita?

Kutoka ulikonunua hadi Dar, ndiyo, yakiwa ndani ya mfuko uliofungwa na duka, risiti ikionekana, na mfuko haujafunguliwa. Ukiunganisha kwenda Mwanza unapita ukaguzi upya, na chupa inayozidi mililita 100 inaweza kuzuiwa. Ukishachukua begi lako kubwa Dar, hamishia chupa humo kabla ya kulikabidhi tena, ukiviringisha kila moja ndani ya nguo.

Forodha inaruhusu nini bila ushuru?

Nguo na vitu vyako vya matumizi havina tatizo. Kwa mtu mzima, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inaruhusu pombe kali lita 1 au mvinyo lita 2, manukato ya jumla ya nusu lita ambayo marashi halisi yasizidi robo yake, na tumbaku gramu 250. Simu tano mpya kwenye maboksi yake zinaonekana ni biashara hata kama ni za wadogo zako watano. Beba risiti, na uzitaje mwenyewe kabla hujaulizwa. Ukiwa na fedha taslimu zinazofikia dola za Marekani 10,000, za aina yoyote, ni lazima uzitolee tamko.

Vitu vitatu vinawaponza watu bila wao kukusudia. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, pamoja na ile uliyofungia viatu ndani ya sanduku. Vifuko vyenye zipu vya ukaguzi wa vimiminika vinavumiliwa, ila unatarajiwa kubaki navyo. Krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki au haidrokwinoni ni marufuku, soma viambato kabla ya kuwanunulia dada zako. Na mbegu au vipandikizi vya maua vinahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, hata vikiwa vya bustani ya bibi.

Blenda niliyonunua Marekani itafanya kazi Mwanza?

Kwa kawaida hapana. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Geuza kifaa, soma kibandiko. Kikiwa na maandishi "100–240V", kama chaja nyingi za simu na kompyuta, unahitaji kibadilishi cha plagi tu. Kikiandikwa "120V" pekee, plagi utakayoibadilisha haibadilishi umeme: blenda, pasi, kikausha nywele vitaungua siku ya kwanza vikiwashwa. Transfoma ya kushusha umeme ipo, lakini inayobeba pasi ya wati 1,200 ni nzito na ghali kuliko kununua pasi hapa mjini. Vifaa vya Uingereza na Dubai havina shida hii; volti zinaendana na plagi zake za pini tatu bapa ndizo zetu.

Nahitaji cheti cha homa ya manjano?

Inategemea unakotokea na ulipopita. Ukitoka nchi yenye homa ya manjano, au ukikaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi hiyo ukiunganisha, utaombwa. Kenya, Uganda na Ethiopia zimo. Wanaounganisha Addis Ababa kwa saa mbili hawaguswi. Waliolala hapo wanaguswa, na waliopita Nairobi au Entebbe wakavuka kwa basi wanaguswa pia. Chanjo ni moja, huanza kuhesabika baada ya siku 10, na tangu 2016 cheti chake ni cha maisha. Kama una kadi ya zamani iliyoandikwa mwisho miaka 10, bado ni halali.

Pasipoti imepotea siku mbili kabla ya kurudi.

Ripoti polisi kwanza uchukue karatasi yao, kisha nenda ubalozi wa Tanzania ukaombe hati ya dharura ya safari. Utahitaji ushahidi wa uraia, na hapo picha ya pasipoti na ya kitambulisho cha NIDA iliyohifadhiwa kwenye barua pepe yako inafaa kuliko maelezo marefu. Kabla ya kusafiri nayo, liulize shirika kama nchi unayounganishia inaipokea.

Watoto wenye pasipoti za nje kwa kawaida wanahitaji viza kuingia, hata baba na mama wakiwa Watanzania. Iombeni mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji mapema: ada ya kawaida ni dola 50, kwa raia wa Marekani dola 100.

Nina mimba, au nina mtoto mchanga.

Mimba ya mtoto mmoja, mashirika mengi hupokea hadi wiki 36, na kuanzia wiki 28 hutaka barua ya daktari yenye tarehe ya kutarajia. Hesabu wiki za siku ya kurudi, si za siku ya kuondoka. Mtoto wa chini ya miaka 2 hukaa mapajani. Akitimiza miaka 2 katikati ya likizo, safari ya kurudi anahitaji kiti chake.

Ndege ya asubuhi au ya jioni kwenda Mwanza?

Asubuhi. Usiku upepo wa nchi kavu unashuka kutoka pande zote za Ziwa Victoria, unakutana juu ya maji yenye joto, na radi hujengeka hadi alfajiri. Uwanja wetu uko ufukweni kabisa. Kwa hiyo miezi ya Machi hadi Mei, na tena kuelekea mwisho wa mwaka, ndege ya kwanza inaweza kusubirishwa. Hata hivyo ikisubirishwa una mchana mzima mbele yako. Ya jioni ikifutwa umelala Dar.

Begi halikutokea kwenye mkanda.

Usitoke uwanjani. Nenda dawati la mizigo ukiwa na kipande cha tagi na pasi ya kupandia, uandikiwe ripoti. Namba yake ina herufi na tarakimu, jumla 10, ikianza na alama ya uwanja. Bila namba hiyo huna la kufuatilia. Taja rangi, chapa, na kitu kimoja cha pekee kilicho juu kabisa ndani ya begi. Toa anwani inayoeleweka kwa mtu wa Mwanza: mtaa, kata, alama ya karibu, namba mbili za simu.

Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, begi lililoharibika lidai kwa maandishi ndani ya siku 7, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipolipata. Lisipoonekana kwa siku 21 linahesabika limepotea. Kikomo cha fidia ya mzigo tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria, hicho ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Risiti za ulivyonunua dharura zitunze. Ripoti iandikwe na shirika lililokuleta mwisho. Kama begi lilipotea kati ya ng'ambo na Dar ukiwa na tiketi mbili, ifanyike Dar, Mwanza hawatakuwa na rekodi yake.

Nikitua Mwanza, naendeleaje?

Hadi katikati ya jiji ni kama kilomita 10, barabara inapita Pasiansi na Kirumba. Patana bei na dereva kabla ya kupakia begi, na kwa shilingi: kanuni za Machi 2025 zimekataza kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Kwenda Musoma, Bunda au Bariadi, mabasi yako Nyamhongolo. Shinyanga, Geita na Bukoba, ni Nyegezi. Kuvuka kwenda Sengerema na Geita siku hizi ni Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo–Busisi, kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Yule ndugu aliyekaa ng'ambo muda mrefu aambiwe, maana bado anapanga safari yake kwa kusubiri kivuko.

Ukerewe ni jambo jingine. Meli ya Nansio haisubiri ndege. Ulize ratiba ya siku ileile kabla hujanunua tiketi ya kutoka Dar, na kama unatua mchana panga kulala Mwanza. Njia ya pili ni gari hadi Kisorya kupitia Bunda, kisha kivuko cha Rugezi. Giza likiingia usikubali kuvushwa na mtumbwi mdogo wenye mizigo, hata kama taa za nyumbani unaziona ng'ambo ya maji. Piga simu, waambie unalala, watakuona asubuhi.